Mate, Pamba na Saa 400

Asubuhi yangu ya kwanza katika maabara ya uhifadhi ya jumba moja la sanaa jijini London, nilikabidhiwa vitu viwili: kijiti chembamba kama cha mshikaki na bonge la pamba. Mama mmoja wa makamo, mwenye zaidi ya miaka 30 katika kazi ile, alichukua kijiti chake, akakizungushia pamba kwa vidole viwili mpaka ikakaa nchani kama ua la msufi, akaitia mdomoni ikalowa mate, kisha akaibiringisha taratibu kwenye pembe ya mchoro wa rangi za mafuta wa karne ya 18. Pamba ikatoka nyeusi. Akaitupa kwenye mtungi, akanitazama. "Haya, zamu yako."

Nilidhani ananipima akili. Miaka minne ya kemia chuo kikuu, viza niliyoihangaikia miezi mitano, halafu nije kutia mate kwenye mchoro wa watu? Lakini yule mama hakuwa na mzaha. Mate yana joto la mwili, ni mazito kidogo kuliko maji kwa hiyo hayatiririki ovyo, na yana kimeng'enya cha amilesi kinacholegeza uchafu unaonata. Mwaka 1990 watafiti watatu wa Ureno walichapisha utafiti kuhusu jambo hilohilo, na mwaka 2018 wakapewa tuzo ya Ig Nobel ya kemia, ile tuzo ya utafiti unaokuchekesha kwanza ndipo ukuwazishe. Masharti ni machache: usinywe kahawa wala kula pilipili kabla ya kazi, na pamba iliyokwisha kugusa mchoro hairudi mdomoni hata iweje, maana rangi nyeupe ya zamani ilitengenezwa kwa madini ya risasi.

Jioni nikampigia mama. Alinyamaza kidogo, akauliza, "Kwa hiyo wanakulipa uteme mate?"

"Ndiyo, mama."

"Basi usimwambie mtu."

Tulicheka sana. Lakini katika maneno yake neno lililobaki kichwani ni lile la kulipwa, kwa sababu kabla ya siku ile hakuna aliyewahi kunilipa hata shilingi kwa kazi hii, na nilikuwa nimeifanya kwa mwaka mzima.

Nimekulia Likoni, ila karakana ya baba iko ng'ambo, Mji wa Kale. Baba ni seremala wa aina ambayo inakwisha. Viti vya ofisi hatengenezi. Yeye ni milango ya nakshi na masanduku ya zamani, yale yenye misumari ya shaba kichwa kikubwa. Nikiwa na miaka 14 aliniachia ubao wa mlango nimwondolee vumbi, nami kwa bidii ya kitoto nikachukua msasa nikaanza kusugua sehemu iliyokuwa nyeusi karibu na komeo. Alininyang'anya ule msasa kwa kasi ambayo sikuijua kwake. "Nani kakwambia huo ni uchafu? Hapo ndipo watu wasukumapo mlango." Sikumwelewa. Miaka mingi baadaye nilikuta wahifadhi wa Ulaya wamebishana juu ya sentensi hiyo kwa kurasa mamia.

Nilisoma kemia kwa sababu nilipata alama za kusoma kemia, basi. Nikamaliza, nikatafuta kazi mpaka soli zikaisha: kiwanda cha sabuni, maabara ya maji, duka la dawa. Siku moja nilikwenda Fort Jesus na wageni wa familia, mahali nilipokwisha kupelekwa na shule sijui mara ngapi, nikasimama mbele ya vitu vilivyotolewa kwenye Santo António de Tanná, ile meli ya Wareno iliyozama chini ya ngome mwaka 1697 na kuchimbuliwa na wapiga mbizi kati ya 1977 na 1980. Nikajiuliza swali ambalo nilipokuwa mtoto halikunijia: kitu kilichokaa baharini miaka 280 kinawezaje kusimama kwenye kabati la kioo bila kumumunyuka? Ngome ile ina maabara yake ya uhifadhi, na jibu lilikuwa kemia tupu. Chungu kikitoka baharini kikaachwa kikauke, chumvi iliyopenya ndani hugeuka fuwele, fuwele hutanuka, chungu hupasuka chenyewe rafuni. Kwa hiyo hulowekwa maji matamu, yakamwagwa, yakabadilishwa tena na tena, wiki baada ya wiki, mpaka chumvi iishe. Mbao ndiyo kazi zaidi: maji yaliyojaa ndani yake ndiyo yanayoishikilia, ukiyaondoa ghafla inanywea kama kokwa la embe juani. Inabidi umpe mbao mgeni mwingine wa kukaa mahali pa maji, mara nyingi nta ya polietilini glaikoli.

Nilirudi nyumbani nikamwambia baba kwamba kuna watu wanafanya kazi yake kwa vitabu vyangu.

Nikaanza kujitolea katika jumba moja la makumbusho ambalo sitalitaja. Miezi minane. Kivuko cha Likoni hakimtozi mtembea kwa miguu, na hilo ndilo lililonipa hiyo miezi minane. Ingekuwa ni matatu kwenda na kurudi ningeacha wiki ya pili. Nilifuta vumbi stoo, nilibandika namba, nilihamisha maboksi kutoka sakafuni kwenda rafuni, nilitega mitego ya gundi na kuhesabu mende na nondo kila Ijumaa, nilisoma kipima unyevu asubuhi na alasiri. Ukidhani hiyo si kazi ya uhifadhi basi hujui uhifadhi. Kitu kimoja kilichookolewa kwa kuinuliwa sakafuni kabla ya masika kina thamani kuliko vitu kumi vilivyorekebishwa baada ya mafuriko. Shida ikaja nilipoomba barua. Aliyenipokea alikuwa amehamishwa, na aliyekuja badala yake akatazama faili, akaniambia kwa upole kabisa kwamba hakuna mahali nilipoandikwa. Kwenye karatasi sikuwahi kufika pale.

Ndipo nikajua uchungu wa sharti moja la vyuo vya Marekani. Kule mafunzo rasmi ya kazi hii ni ngazi ya uzamili, na shule zake zinahesabika kwa vidole: New York University, iliyoanza mwaka 1960, ndiyo kongwe, Delaware pamoja na jumba la Winterthur, 1974, Buffalo, na ile ya UCLA na Getty kule Los Angeles. Delaware huchukua wanafunzi wapatao kumi tu kwa mwaka. Wanataka kemia, na si ile ya juujuu, mpaka kemia ya kaboni. Wanataka historia ya sanaa. Wanataka uchore kwa mkono wako waone kama unatetemeka. Na wanataka saa. Saa za kukaa kwenye benchi na mhifadhi, angalau 400, kabla hujaomba. Ukishaingia mambo yako yamenyooka, kwa sababu shule hizi kwa kawaida hugharimia masomo na kukupa posho. Kizingiti ni zile saa za mwanzo ambazo kwa miaka mingi zilifanywa bure. Maana yake ni kwamba mlango ulikuwa wazi kwa yule ambaye baba yake anaweza kumlipia kodi ya nyumba New York akipangusa fremu. Wenyewe wamelikiri. Juni 2019 chama cha wakurugenzi wa majumba ya sanaa ya Amerika Kaskazini, AAMD, kilipitisha azimio la kuwataka wanachama wake walipe wanaofanya mafunzo kazini. Mimi wakati huo nilikuwa na saa zaidi ya elfu kichwani na sifuri kwenye karatasi. Shule mbili zilinikataa, na kwa walichokiona kwenye karatasi hawakukosea.

Uingereza wana Courtauld, miaka mitatu ya michoro ya rangi za mafuta, na Hamilton Kerr ya Cambridge iliyoko kijijini Whittlesford. Ni shule nzuri mno, na karo ya mgeni inaweza kukulaza hospitali. Italia wana shule za serikali, miaka mitano, na mtihani wa kuingia unaotaka mkono wa kuchora na Kiitaliano cha kutosha. Karibu zaidi na kwetu, Chuo Kikuu cha Pretoria kilifungua shahada ya uzamili ya uhifadhi wa urithi mwaka 2019, na kama ningekuwa naanza leo ndipo ningeangalia kwanza, hata kwa sababu ndogo tu kwamba unyevu wa stoo za Afrika hauelezwi pale kama ajabu ya nchi za mbali.

Halafu kuna kozi fupi, na hapa nina neno. ICCROM, shirika la kimataifa la uhifadhi wa urithi lililoko Roma, lina kozi nzuri. British Museum wana mpango wao wa kimataifa tangu 2006, na wa Afrika Mashariki wamekuwa wakienda. MuseumsLab ya Ujerumani imekutanisha Waafrika na Wazungu wa kazi hii tangu 2021. Lakini soma masharti vizuri: nyingi ya aina hii zinamtaka mtu ambaye tayari yumo, ameajiriwa au ana jumba linalomwandikia barua. Aliye nje anaambiwa apate kazi ili apate mafunzo, na kwenye kazi anaambiwa apate mafunzo. Nimewahi kujaza fomu ya kurasa kumi na mbili, nikafika swali la mwisho, "jina la mwajiri", nikafunga kompyuta nikaenda kula mahamri.

Kilichonitoa huko ni baba, na wala hakukusudia. Aliniona nimekaa tu, akasema kama huna pa kwenda njoo unishikie ubao. Nikaenda, ila safari hii na daftari. Kila siku niliandika tarehe, saa za kuingia na kutoka, kitu gani, kimetoka kwa nani (bila jina, "mwenye nyumba wa Ndia Kuu"), kina ugonjwa gani, tumefanya nini na kwa gundi ipi. Nilipiga picha kabla na baada, na rula pembeni, na kikaratasi cha rangi ili mtazamaji ajue wekundu ni wekundu au ni balbu. Mwisho wa juma baba alitia sahihi. Mara ya kwanza alikataa, akaona ni kama namfungulia kesi. Saa 412 zilijaa katika miezi minne.

Zile saa ndizo nilizotuma London. Nafasi yenyewe ilikuwa ya mwaka mmoja, yenye mshahara, kwa mtu anayeanza, na walisema wazi kwamba uzoefu wa aina yoyote unakubaliwa maadamu una ushahidi. Kwenye usaili nilijiandaa kuulizwa polima. Wakaniuliza kuhusu mlango mmoja tu, ule tulioamua na baba kuuacha na ufa wake.

"Kwa nini hamkuuziba?"

Nikasema ufa ule hufunguka kaskazi na kujifunga masika. Ukiuziba kwa kitu kigumu, mbao itatafuta mahali pengine pa kupasukia. Wale watu watatu wakatazamana. Baadaye niligundua kwa nini.

Tarehe 4 Novemba 1966 mto Arno ulifurika Florence. Vijana kutoka kila pembe walikwenda kubeba vitabu na michoro kutoka kwenye tope, na Waitaliano mpaka leo wanawaita malaika wa matope. Wengi wa wahifadhi wakubwa waliofuata waliingia kazini kwa mlango ule. Katika jumba la kanisa la Santa Croce kulikuwa na Karamu ya Mwisho ya Giorgio Vasari, ya mwaka 1546, imechorwa juu ya mbao tano za mti wa popla zilizounganishwa, upana wake zaidi ya mita sita. Ilikaa majini zaidi ya saa kumi na mbili. Walipoitoa waliibandika karatasi nyepesi usoni ili rangi isibanduke, wakaiweka stoo. Mbao ilipokauka ikanywea. Rangi hainywei. Ukawa na ngozi ya rangi iliyo kubwa kuliko mwili wake, imekunjamana, na hakuna aliyejua la kufanya kwa karibu miaka 40.

Waliokuja kujua walikuwa mafundi wa Opificio delle Pietre Dure, taasisi iliyoanzishwa na ukoo wa Medici mwaka 1588 kama karakana ya kunakshi kwa mawe. Lakini kufikia mwishoni mwa miaka ya 2000 wakfu wa Getty uliona tatizo jingine: watu duniani wenye kuijua mbao ya mchoro, kuikata kwa nyuma, kuiunga, kuipa mgongo unaoiruhusu kucheza, walikuwa wachache, na wengi wao walikuwa wanakaribia kustaafu. Hakukuwa na kitabu cha kuchukua nafasi yao. Basi Getty wakaanzisha mpango wa michoro ya mbao, na ukiutazama kwa jicho la Mji wa Kale, walichonunua ni muda wa wazee. Walilipa ili mzee asimame benchi moja na kijana, miaka si wiki, juu ya kazi halisi, na mchoro wa Vasari ukawa mmoja wa vyumba vya darasa. Mwaka 2016, nusu karne kamili tangu gharika, ulirudi Santa Croce, umefungwa kwenye mtambo wa kuuinua juu siku Arno utakaporudi. Baada ya hapo Getty walifanya vivyo hivyo kwa michoro ya turubai.

Nilipoisoma habari hiyo nilikasirika kwa namna fulani. Uanagenzi, jambo ambalo karakana zote za pwani hii zimelifanya bila kulipa jina, lilikuwa limekaribia kupotea huko mpaka likahitaji wakfu wa mabilioni kulirudisha. Na huku kwetu lingali lipo ila hakuna fomu inayolihesabu.

Haikuwa hivyo daima. Katika miaka ya 1980 ICCROM ilianzisha mpango wa mafunzo wa PREMA kwa majumba ya makumbusho ya Afrika kusini mwa Sahara, na akili yake ilikuwa kwamba waliofundishwa leo wawe wafundishaji kesho, mpaka Roma isihitajike. Mpango ulizaa vituo viwili: kimoja Porto-Novo, Benin, mwaka 1998, kwa wanaotumia Kifaransa, na cha pili mwaka 2000 kwa wanaotumia Kiingereza. Hicho cha pili kiliwekwa Mombasa, kwenye jengo la Mahakama ya Zamani, barabara ya Nkrumah. Nimepita mbele ya mlango ule nikienda madrasa, nikienda sokoni, nikienda kutafuta kazi za sabuni. Sikuwahi kuuliza humo ndani wanafanya nini.

Mwaka wa London ulikwenda hivi: miezi mitatu ya mwanzo sikuruhusiwa kugusa chochote cha maana. Nilitazama. Mchoro mmoja, siku nzima, kwanza kwa taa ya kawaida, kisha taa ya ubavuni inayoonyesha kila uvimbe, kisha taa ya urujuanimno ambayo hugeuza vanishi ya zamani kuwa kijani hafifu kama maji ya kisima na kuacha viraka vya waliorekebisha baadaye vikiwa vyeusi. Halafu kuandika. Halafu yule mama anasoma na kufuta "mchoro umeharibika" na kuniuliza umeharibika wapi, kiasi gani, na nani kasema ni uharibifu. Mwezi wa nne nikapewa viyeyushi, na kanuni inayotawala kila kitu: usiweke kitu ambacho atakayekuja baada yako hawezi kukitoa. Ndiyo maana pengo hujazwa kwa rangi inayoyeyuka kwa kitu ambacho rangi ya asili haikijali.

Mradi wangu wa mwisho ulimshangaza kila mtu isipokuwa mimi. Niliomba nishughulikie hadibodi na rangi ya baiskeli. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 akafa mwaka 1972, na vitu alivyotumia ni hivyo: mbao za kubanwa za ujenzi na rangi ya mafuta inayong'aa, ya dukani. Leo kazi zake ni za majumba ya sanaa na watu wanaozinunua kwa pesa nzito, lakini maktaba ya maabara ilikuwa na rafu nzima juu ya rangi ya yai, turubai ya kitani na mbao ya popla, na juu ya hadibodi iliyokaa sebuleni Oysterbay kwenye unyevu wa bahari, karibu hakuna. Nilitengeneza vibao thelathini, nikavipaka, nikaviweka kwenye kabati la unyevu na mwanga. Kingo ndizo huanza: hadibodi hunywa maji pembeni, huvimba kama mkate kwenye chai, na rangi ngumu iliyo juu yake haina la kufanya ila kupasuka. Yule mama hakuwahi kuona rangi ya baiskeli maishani mwake. Kwa mara ya kwanza nilikuwa mimi ndiye ninayejua, na yeye ndiye anayeuliza, akiwa na daftari.

Mkataba uliisha, viza ikaisha siku hiyohiyo. Ningeweza kujaribu mwaka mwingine mahali kama Straus Center, maabara ya uhifadhi ya Harvard, wanaochukua vijana waliokwisha hitimu na kuwalipa, lakini pale wanataka ile shahada ya uzamili ambayo bado sina. Nimerudi. Nafanya kazi za kujitegemea, Mombasa na Nairobi: karatasi zilizoota ukungu, picha za harusi, mara mojamoja mchoro wa kweli. Ombi la Pretoria liko kwenye meza, limejaa nusu.

Jumamosi anakuja kijana mmoja wa Kisauni, anasoma mwaka wa pili chuoni. Nampa nauli na chakula cha mchana. Kikiwapo cha zaidi nampa. Nusu siku anakaa kwangu, nusu kwa baba, na daftari lake lina safu mbili za sahihi. Jumamosi iliyopita aliandika: saa 3, kuondoa vumbi kwa brashi laini, sanduku la msaji. Baba alivaa miwani, akaisoma, akachukua kalamu, akakata 3 akaandika 2.

"Saa nzima alikuwa kwenye simu," akasema, akatia sahihi.